Aljebra Nyuma ya Ukuta wa Mama Mkwe

Jumatatu, 26 Septemba 1955

Nimeamka na jogoo. Maji ya kunawa ya baridi ya kukata vidole. Chai, kiporo cha ndizi, njia ya shule. Darasa la tatu wamekosa hesabu za kutoa, wote, kana kwamba walifanya kikao. Nimewarudisha mwanzo.

Mchana mwalimu mkuu kaniita. Mtihani wa kupanda daraja ni mwisho wa Novemba, mjini, nami nimo. Mwaka jana niliangushwa na aljebra peke yake, mengine yote nilipita. Safari hii mkaguzi ametoa neno. Nikianguka tena, nafasi yangu hapa Akheri atapewa mwenye cheti, na mimi nitapelekwa shule ya huko chini tambarare, kwenye vumbi, mbali na kahawa yangu na mbali na mke wangu Naomi mwenye mimba. Nikifaulu nabaki, na darasa la tano likifunguliwa ni langu.

Sikuwa na hamu ya kula. Naomi kauliza nina nini. Nimemwambia x na y. Kauliza ni watu wa ukoo gani hao.

Alhamisi, 29 Septemba

Kitabu kinasema "ni dhahiri kwamba". Si dhahiri hata kidogo.

Mlinganyo mmoja naufahamu. Upande huu ni sawa na upande ule, kama mizani ya kupimia kahawa. Tatizo ni hii inayokuja miwili kwa pamoja, kila mmoja na x yake na y yake, nami natakiwa niwapate wote. Nikimshika x, y ananitoroka. Nikimgeukia y, x keshapotea. Nimekitupa kitabu kitandani. Nikakiokota, maana ni cha kuazima.

Naomi amesema jambo ambalo sikutaka kulisikia. Anayejua yupo. Ni mke wa baba yake.

Mama yake Naomi alifariki zamani. Mwaka jana Baba Mkwe akaoa tena, akaleta mwalimu kutoka Machame, aliyesoma hadi darasa la kumi na kufundisha hesabu shule ya wasichana kabla ya kuolewa. Nimemzidi umri, tena si kidogo. Lakini aliyeolewa na baba mkwe ni mama mkwe, na kwetu mama mkwe hatazamwi usoni, hasemeshwi, hatajwi jina. Siku ya harusi nilitazama viatu vyangu kuanzia kanisani hadi jioni. Hata hapa, kwenye daftari langu mwenyewe, mkono unakataa kuliandika jina lake.

Mimi niwe mwanafunzi wa mkwe wangu! Bora tambarare.

Jumamosi, 1 Oktoba

Nimekwenda.

Baba Mkwe amepanga mambo yote, kwa furaha iliyonikera. Jiko lake ni la mbao na limegusana na banda la ng'ombe. Mama Mkwe ndani jikoni. Mimi bandani, kwenye kigoda, kando ya ng'ombe wao mweusi. Naomi mlangoni, katikati. Kibao cha kuandikia, kama cha watoto wa shule, kinapita mikononi mwa Naomi, na maneno vilevile. Nimetoa shikamoo, Naomi akaipeleka, marahaba ikarudi. Mtu niliyemtangulia kuzaliwa ananiitikia marahaba. Ng'ombe alinikazia macho muda wote, akitafuna.

Kibao cha kwanza: mama mmoja ana migomba na mibuni, jumla yake mashina ishirini. Mibuni imezidi migomba kwa minne. Mingapi na mingapi?

Nimeanza kubahatisha. Kumi na kumi. Kumi na moja na tisa. Ukuta ukagongwa kutoka ndani. Naomi akanijulisha kwamba nimesikika nikinong'ona, na kubahatisha ni marufuku.

Kisha akaleta maelezo ya Mama Mkwe, kwa sauti ya anayesoma matangazo ya kanisani. Mibuni ni sawa na migomba na minne zaidi. Basi usiitaje tena mibuni. Popote palipoandikwa mibuni, weka "migomba na minne". Unabaki na kitu kimoja tu usichokijua. Migomba, na migomba tena, na minne, ni ishirini. Ondoa minne, inabaki kumi na sita. Gawa kwa mbili. Migomba minane. Sasa mrudie mwenzake: mibuni kumi na miwili.

Nimeduwaa. Wageni walikuwa wawili, na Mama Mkwe amemwondoa mmoja uwanjani kwa kumweka mwenzake mahali pake, akammaliza yule aliyebaki, halafu akamwita wa kwanza arudi. Safi kabisa. Kitabu kimetumia kurasa tatu kunificha jambo hili.

Jumanne, 4 Oktoba

Nimefanya sita peke yangu. Nne sawa. Mama Mkwe anasahihisha bila huruma. Hata mwandiko wangu wa haraka umepata alama ya kosa. Nina furaha ya kijinga.

Jumamosi, 8 Oktoba

Leo tumeacha migomba, tumeingia herufi zenyewe. Nikakwama papo hapo. Nimetuma malalamiko: kwa nini mtu mzima aandike x? Kwa nini asiseme anachokisema?

Kisha Naomi akaja akijikaza asicheke. Jibu lilikuwa hili: "Mwambie mwalimu, hajapata kunitaja jina wala kuniona uso. Na bado akisema Mama Mkwe, nyumba nzima inajua ni nani. x ndiyo hiyohiyo. Unamsema usiyemjua, kwa heshima, mpaka siku atakapojulikana."

Nimecheka hadi ng'ombe akashtuka.

Miaka yote hii nimekuwa nikiishi na x na sikujua. Lakini kinachonikaa moyoni ni namna alivyosema. Nimefundisha tangu ujana wangu na sijawahi kumpa mtoto mfano uliomkaa sawasawa namna ile. Angenipa darasa lake moja nisikilize tu, ningekaa nyuma kabisa na kufunga mdomo. Mwanamke huyu ana kichwa. Nasema hivyo hapa kwa sababu mahali pengine siwezi kusema.

Jumatano, 19 Oktoba

Mvua za vuli zimeanza. Kahawa inaiva yote kwa wakati mmoja, na mimi niko bandani na kibao.

Leo hesabu za namna nyingine:

2x + y = 16
3x − 2y = 3

Hapa hakuna aliyetolewa tayari, lazima nimtoe mwenyewe. Nikamtoa. Kutoka ule wa kwanza, y = 16 − 2x. Nilijiona bingwa. Nikachukua hiyo 16 − 2x, nikaiweka mahali pa y. Nikapata 2x + 16 − 2x = 16. x zikafutana. Ikabaki 16 = 16.

Pande zote sawa! Nikaandika "Jibu: 16", nikapiga mstari chini yake, mstari mrefu. Kibao kikarudi na swali: "16 nini?"

Nimerudi nyumbani nimelowa.

Jumamosi, 22 Oktoba

Siku mbaya. Naandika ili niimalize.

Nimeanza upya mbele ya ng'ombe. 16 = 16. Nikafuta. 16 = 16 tena. Naomi amechoka, miguu imemvimba, kila mara anainuka. Akaleta neno: Mama anasema umerudi ulikotoka. Nilikotoka wapi? Nikamtuma. Akarudi: anasema hukohuko. Nikamtuma tena. Akarudi na jibu lilelile. Mtihani unakuja, na mimi ninaambiwa hukohuko.

Sijui nilipandwa na nini. Nikainuka, nikampita Naomi mlangoni, nikaingia jikoni na kibao mkononi, nikauliza kwa sauti ya darasani: "Nilikotoka wapi?"

Alikuwa anakoroga loshoro. Akajifunika uso kwa kanga na kugeukia ukutani, na chungu kikapinduka. Maziwa ya mgando na mahindi yakaja sakafuni mpaka kwenye miguu yangu. Naomi akapiga yowe. Baba Mkwe akatokea shambani, kikapu cha kahawa kiunoni. Akanitazama, akatazama sakafu.

Nimeondoka bila kuaga. Nimefika nyumbani nikakuta bado nimeshika kibao chake.

Jumapili, 23 Oktoba

Kanisani nimekaa benchi la mwisho. Sikusikia mahubiri.

Naona aibu. Amenifundisha bure, kwa subira, akiwa na kazi zake zote, na mimi nimemvunjia heshima jikoni kwake, mbele ya binti wa mume wake. Masomo yamesimama. Naomi hasemi nami ila kwa lazima. Ana haki.

Alhamisi, 27 Oktoba

Juzi Baba Mkwe aliniita mbele ya wazee wawili wa ukoo. Hawakunigombeza. Walisema tu ninachotakiwa kuleta: blanketi na kibuyu cha asali, vyote viwe vya Mama Mkwe. Mzee mmoja aliuliza kilichonipeleka jikoni. Nikasema kumi na sita ni sawa na kumi na sita. Wakatazamana. Sidhani kama nilijisaidia.

Blanketi nimelipata dukani. Asali nimeifuata kwa Mwarusha mmoja mrinaji, upande wa pili wa mlima, juu ya Olmotonyi, nusu ya njia kwa lori la magogo na nusu kwa miguu. Leo Naomi amevipeleka vyote. Baba Mkwe amesema yeye ameridhika, lakini habari ya masomo si yake kuamua.

Nimengoja uani nikijifanya napalilia.

Naomi amerudi jioni. Mama anasema Jumamosi, wakati uleule. Na kibao chake kirudi kikiwa safi.

Nilikuwa karibu kulia. Nimekisugua mara mbili.

Jumamosi, 29 Oktoba

Leo Mama Mkwe ameeleza, na nataka kuyaandika yote kama Naomi alivyoyaleta.

Milinganyo miwili ni nyumba mbili. Umekwenda nyumba ya kwanza, ukamtoa y. Ametoka huko na habari zake: mimi ni kumi na sita, toa x mbili. Sawa. Sasa unamrudisha nyumba ileile ya kwanza akawahadithie habari walizompa wao wenyewe. Watakujibu nini? Watasema, ndiyo, tunajua, kumi na sita ni kumi na sita. Hawajakudanganya. Ila hawana jipya la kukupa. "Mimi nikimpa Naomi neno jikoni, hageuki akanieleza mimi. Anakwenda bandani. Basi y naye mpeleke nyumba ya pili, ambako hawajamsikia."

Nimekaa na kibao mapajani bila kuandika. Nimempita mjumbe ili nielezwe kwa nini nimemtumia mjumbe vibaya! Kosa la kwenye kibao na kosa la jikoni ni ndugu, naye ameyaona yote mawili na kunisahihisha moja tu kwa maneno. Lile la pili ameliacha nilifikie mwenyewe.

Nikampeleka y nyumba ya pili. 3x − 2(16 − 2x) = 3. Nikaandika 3x − 32 − 4x. Ikatoka x = −35. Ukuta ukagongwa kabla kibao hakijafika vizuri. Naomi: hiyo alama ya kutoa iliyo nje ya mabano inamgusa kila aliye ndani, na anayekuondolea upungufu amekuongezea. Kwa hiyo ni kujumlisha 4x. Nikarekebisha. 7x = 35. x = 5. Nikamrudia y: 16 kutoa 10, sita.

Nikadhani tumemaliza. Bado. Anataka niwapeleke wote wawili kwenye nyumba zote mbili wakakaguliwe. Mara mbili tano na sita, kumi na sita. Mara tatu tano, toa mara mbili sita, inabaki tatu. Nyumba zote zimekubali. "Hapo ndipo uandike jibu na upige mstari wako mrefu."

Anaukumbuka mstari. Hasahau kitu, huyu.

Jumatatu, 14 Novemba

Tunakwenda kila siku baada ya shule. Natoka sawa mara nyingi kuliko zamani. Naomi anatembea polepole, nimemtengenezea kiti mlangoni.

Leo limetokea jambo. Nimempa kibao, akakitazama, hakukipeleka. Akanirudishia. Akasema, mabano. Nikatazama. Kweli, niliyasahau mabano. Naomi, aliyeishia darasa la nne! Yale yote aliyokuwa akiyabeba kama matangazo ya kanisani, alikuwa anayasikiliza.

Nimechukia kwa muda wa kupumua mara moja. Kisha nimefurahi. Jikoni ukuta umegongwa taratibu, na Naomi akasema safari hii umegongwa kumsifu yeye, si mimi. Mama Mkwe amefundisha wawili kwa kazi ya mmoja, na kumbe alijua tangu mwanzo.

Ijumaa, 25 Novemba

Nimelala mjini kwa binamu yangu, mtaa wa Daraja Mbili. Wenyeji wakarimu, kunguni pia.

Mtihani asubuhi. Chumba kizima wanaume, tumekaa mbalimbali, kila mtu na jasho lake. Maswali kwa Kiingereza. Hesabu za kawaida nimezimaliza haraka. Kisha nikageuza ukurasa.

3x + y = 17
2x − 3y = 4

Nilimtoa y: 17 − 3x. Mkono ukaanza wenyewe kuandika 3x + 17 − 3x. Nikaona 17 = 17 inakuja kwa mbali. Nikasimamisha kalamu. Nikasikia ukuta ukigongwa, naapa nilisikia, na hapakuwa na ukuta. Mpeleke nyumba ya pili.

2x − 3(17 − 3x) = 4. Mabano. Alama inamgusa kila aliye ndani. 2x − 51 + 9x = 4. 11x = 55. x = 5, y = 2. Nikawapeleka nyumba zote mbili. Kumi na tano na mbili, kumi na saba. Kumi toa sita, nne. Wamekubaliwa.

Msimamizi alinitazama. Nadhani nilikuwa natabasamu. Nilipiga mstari mrefu.

Jumatano, 30 Novemba

Mtoto wa kike, hospitali ya misheni, jana alfajiri. Naomi mzima. Mimi sifai kitu, nazunguka tu. Nimewafundisha darasa la tatu wimbo badala ya hesabu.

Mama Mkwe amekaa na Naomi tangu uchungu ulipoanza. Nilipofika wodini alikuwa ameshatokea mlango mwingine ili tusionane. Kanga yake ilikuwa bado juu ya kiti, imekunjwa.

Jumamosi, 10 Desemba

Hakuna habari kutoka mjini. Nimechuma kahawa kutwa. Kila pikipiki ya misheni ikipita barabarani naweka kikapu chini nikachungulie. Nimeanza kuitazama migomba yangu kama mtu anayeaga. Sipendi tabia hii.

Jumamosi, 17 Desemba

Mwalimu mkuu amekuja mwenyewe nyumbani asubuhi, amevua kofia mlangoni, nikadhani ni msiba. Nimefaulu. Aljebra pia. Nabaki Akheri.

Naomi amelia, mtoto amelia, mimi nimetoka nje. Nikajikuta niko kwenye njia ya kwa Baba Mkwe.

Baba Mkwe hakuwapo, amekwenda kupeleka kahawa. Naomi bado yuko ndani na kichanga. Hapakuwa na mtu wa kati. Jikoni nilisikia panga likikata mgomba. Nikaingia bandani, nikakaa kwenye kigoda changu. Nikakohoa. Panga likanyamaza.

Nilitaka kusema na sikuwa na njia. Safari hii sikuinuka. Ng'ombe mweusi alikuwa pale, ananikazia macho. Nikamwambia yeye, kwa sauti ya kutosha kufika: "Ng'ombe, mpe Mama shikamoo. Mwambie mwalimu amefaulu. Mwambie kazi ni yake, na kwamba sijapata kuona mwalimu kama yeye."

Nikasikia anapumua upande wa pili wa mbao, karibu sana.

"Ng'ombe," akasema, "mwambie mwalimu marahaba. Muulize, aliwapeleka nyumba zote mbili?"

Nikamwambia ng'ombe ndiyo, zote mbili, na zikakubali.

Akacheka. Kicheko kifupi, cha chini. Sijapata kukisikia kabla. Kisha panga likaanza tena.

Nikamkatia ng'ombe majani, nikamjazia hori, nikaenda zangu.